Tangazo Lililomzika Dada Yangu

Niliyachukia mambo mengi katika miaka ile ya vita, na mengine yalistahili kuchukiwa kuliko gazeti. Lakini wenye bunduki hawakuwahi kutuambia kwamba wanatusogelea kwa upendo. Gazeti lilituambia hivyo, kwa herufi kubwa, juu ya picha ya msichana anayecheka akiwa na simu mkononi. Na ni mimi niliyewasomea watu maneno hayo kwa sauti.

Mimi si mwandishi. Nilifika sekondari ya pili, kisha shule ikageuzwa makazi ya askari na sisi tukageuka wakimbizi, masomo yakaishia hapo. Nikikosea mahali, msomaji anivumilie. Nikimwonea mtu, asinivumilie.

Gazeti lenyewe lilikuwa la kila mwezi, kurasa chache zilizoshikwa kwa pini katikati, lililochapwa Goma kwa Kiswahili chetu. Lilikuwa na mambo ya mihogo inayougua, ya chanjo za watoto, na barua za wasomaji waliogombana kuhusu mahari. Kurasa za mwisho zilikuwa za matangazo: waliokufa, wanaotafutwa, waliooana. Lilifika kwetu Buleusa, tulikokimbilia, ndani ya mizigo ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki mwenye duka la chumvi, sabuni na betri, ambaye alilibeba bure kutoka Kanyabayonga. Alisema hiyo ndiyo sadaka yake. Mke wake alisema ni mbinu ya kukwepa sadaka ya kweli. Wote wawili walicheka, kwa hiyo sijui nani alikuwa na haki.

Siku ya Mungu, baada ya misa, watu walikaa kwenye majani pembeni ya kanisa na mimi nikasoma, si kwa sababu nilijua kuliko wengine, bali kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Sikuruhusiwa kuanza mwanzo. "Anza nyuma," walisema, maana nyuma njo, yaani ndiko, kulikuwa na wafu wetu. Mihogo ingeweza kungoja. Kila nilipomaliza tangazo moja la kifo nilinyamaza, na watu wote wakajibu pamoja: "Tumesikia."

Jibu hilo halikuwa adabu tu, na hapa lazima nieleze, maana mambo yote yaliyotupata yalitoka hapo. Sisi ni watu wa vilima vya Masisi. Kwetu mwanaume akifa, habari inabebwa kwa mdomo hadi kila nyumba ya ukoo wake. Mjumbe anasema kwanza ametumwa na nani, kisha anasema aliyekufa, na nyumba inajibu kwamba imesikia. Nyumba zote zikiisha kusikia, njo wazee wanapanga siku ya kumaliza matanga. Kabla ya siku ile shamba la marehemu linalala. Hakuna anayetia jembe, hata mjane, hata kama watoto wanalia njaa. Anayelima mapema tunasema analima mgongo wa marehemu. Siku ya kumaliza matanga, mzee wa ukoo anampa mjane jembe mbele ya watu, na kuanzia hapo shamba ni lake na watoto wake.

Vita vikatawanya nyumba. Ukoo mmoja ukawa na watu kambini Kitshanga, wengine Walikale msituni, wengine Masisi, wengine hawajulikani. Wajumbe waliotumwa walizuiwa kwenye bariyeri, vizuizi vya njiani vya huyu na yule, wengine wakarudi bila mzigo wala shati, wengine hawakurudi. Wazee wenyewe, wala si mapadri ao serikali, wakakubaliana kwamba gazeti ni mjumbe. Karatasi ikisomwa mbele ya watu, na watu wakijibu, nyumba imesikia. Hata namna ya kuandika tangazo ilifuata namna ya mjumbe: anayetangaza alitajwa kwanza, na baba yake, na kilima chake, na mahali alipo. Marehemu alikuja mwisho. Kwa mtu wa mjini hiyo inaweza kuonekana kinyume. Kwetu habari isiyokuwa na mwenyewe ni umbea.

Basi mume wa dada yangu alikufa. Tulikuwa tumekimbilia Buleusa wote, yeye, dada yangu, watoto wao, na mimi. Alikufa kwa homa, kitandani, akiwa amefunikwa vizuri, jambo ambalo miaka ile lilihesabiwa kuwa bahati, na nilimsikia jirani akisema hivyo mbele ya maiti. Shamba lake lilikuwa kwenye kilima juu ya Kitshanga, udongo mweusi unaootesha maharagwe bila kuombwa. Kule kulikuwa kumetulia kidogo, watu wa kambini walikuwa wanapanda mchana na kushuka jioni. Dada yangu, huku Buleusa, alilima mashamba ya wengine na kulipwa mihogo ya siku hiyo hiyo. Alitaka mvua za mwezi wa tisa zimkute kwake. Hakuwa anataka kitu kingine. Matanga yaishe, apewe jembe, apande.

Hapo njo gazeti lilipotoka mara ya mwisho.

Nilisema nitakuwa mwenye haki, kwa hiyo niseme sababu zao, maana waliziandika bila kuficha. Karatasi ilikuwa imepanda bei. Gari lao lilichomwa. Dereva wao alipigwa kwenye bariyeri kwa sababu ya makala ambayo hakuiandika wala hakuisoma. Nilipofika kwenye habari ya dereva, watu walipiga midomo kwa huruma, na mimi pia. Kama wangeishia hapo, kama wangesema "tumeshindwa, mtusamehe," nafikiri tungewalilia kama tunavyolilia mtu. Lakini hawakuishia hapo. Waliandika kwamba gazeti halifi, linahamia kwenye internet, na kwamba kuanzia sasa watakuwa karibu zaidi na msomaji, popote alipo, saa yoyote.

Mama mmoja mzee aliniomba nirudie hapo. Nikarudia.

"Karibu ya nani?" akauliza.

Buleusa yote wakati ule rezo, mtandao wa simu, ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya shule, karibu na mti uliopigwa na radi. Wenye simu walipanda pale na kuinua mikono kama watu wanaosali. Simu zenyewe nyingi zilikuwa zile ndogo zenye tochi. Simu ya kufungua internet alikuwa nayo mfanyabiashara wa Butembo, na mwalimu mmoja ambaye yake ilikuwa imepasuka kioo. Mtu aliyeandika "popote alipo" hakutuwaza sisi. Labda hakutujua. Nimejaribu sana kuamini kwamba hakutujua.

Dada yangu hakukata tamaa. Alisema kama mjumbe amehamia kwenye simu, tumfuate huko huko. Niliandika tangazo kama nilivyokuwa nimewaandikia wengine wengi, nikaanza na jina lake, baba yetu, kilima chetu, kisha Buleusa aliko na watoto, na kwamba anajulisha ukoo wa mumewe, kule Kitshanga na Walikale na pote walipo, kwamba mume wake hayuko tena. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kugeuza mpango huo. Dada yangu anasema hapana, na mimi siku fulani namwamini, siku fulani simwamini. Mfanyabiashara aliipiga picha karatasi yetu, akaituma alipofika Kanyabayonga. Aliporudi alituambia kwamba imepita.

"Na nani alijibu?" dada yangu akamuuliza.

Mfanyabiashara alikuna kichwa. Akasema kule watu hawajibu kwa mdomo, wanaweka alama ndogo ndogo, sura za njano zenye machozi.

"Machozi mingi?"

"Mingi, Mama. Sana."

"Kulia si kusikia," dada yangu akasema, na akarudi kutwanga.

Nilifikiri siku hiyo kwamba amekuwa mgumu bure. Sikuelewa mpaka shangazi alipofika.

Huyu alikuwa shangazi wa marehemu, mama wa makamo aliyekuwa anaishi kambini Kitshanga. Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anapanda kutoka mtoni akilia kwa sauti ya matanga, kitambaa kimefunika uso, kuku amefungwa miguu anamning'inia mkononi. Sasa kwetu mtu anayekuja na kilio haulizwi. Kwanza unatoka, unamkumbatia, unalia naye. Kisha unamletea maji ya miguu na kiti, anapumua, njo unauliza ni nani. Kuuliza kabla ya kulia ni kama kumwambia kwamba machozi yako yanachagua.

Dada yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliacha mchi ndani ya kinu, akatoka mbio, akamshika shangazi shingoni, wakalia. Shangazi alikuwa anaita jina la dada yangu katikati ya kilio. Alikuwa anasema wewe uliyenikaanga mahindi, wewe uliyenifulia nguo nikiwa mgonjwa, watoto unamwachia nani. Sisi tuliosimama pale tulifikiri anamwita ili amsaidie huzuni. Dada yangu naye alifikiri hivyo, akazidi kulia, akasema ole wetu, ole wetu. Majirani wakaja, wakalia. Mimi nililia. Kuku peke yake alikuwa na mashaka.

Maji yakaletwa. Shangazi akakaa, akaosha miguu, bado kitambaa kiko usoni. Dada yangu akapiga magoti mbele yake, akajifuta, akauliza kwa upole kama inavyotakiwa.

"Sasa Shangazi, ni nani alikufa?"

"Ni weye," shangazi akasema. Akatoa kitambaa.

Sitasema yaliyofuata yalikuwa ya kuchekesha, ingawa watu walicheka, na dada yangu alicheka kuliko wote mpaka akakaa chini. Shangazi hakucheka. Alimshika mikono, akaigeuza, akaangalia kucha, akamvuta sikio. Kisha akakasirika. Alikuwa ametembea siku nyingi kwenye matope, akapita kwenye bariyeri za watu wasiokuwa na jina, amkute marehemu ana sombe mkononi. "Na kuku nilinunua," akasema.

Alipotulia alitueleza. Kambini Kitshanga kulikuwa na kijana wa pikipiki, motari, mwenye simu nzuri. Watu walimzunguka jioni awaonyeshe gazeti jipya. Simu ilionyesha kurasa za wafu hivi: msalaba mweusi, kisha mistari miwili ya kwanza, kisha vidoti na maneno ya kukuambia ubonyeze usome zaidi. Kubonyeza kulikula mega za internet, na mega za motari zilikuwa za kutafutia wateja, si za kusomea watu wa kambi wafu wao. Kwa hiyo walikuwa wanaangalia vichwa tu. Msalaba. Jina la dada yangu. Baba yake. Kilima chake. Buleusa. Vidoti.

Nani angebonyeza? Yote yalikuwa pale.

Na kwa sababu kila mmoja aliinama peke yake juu ya kioo kile, kwa zamu, hakuna aliyesoma kwa sauti, na hakuna aliyejibu. Kama mtu angesoma kwa sauti, angefika mwisho. Mdomo ukianza tangazo hauachi katikati.

Habari ikafika kwa mzee wa ukoo, baba mkubwa wa marehemu. Alilia, shangazi alituhakikishia hilo, alikataa chakula. Kwamba kijana wake alikuwa amekufa alikuwa amesikia minong'ono kutoka kwa wapita njia, bila tangazo. Sasa aliona mume na mke wamekwisha wote wawili. Akamaliza matanga yao kwa siku moja. Na shamba lisilo na mume wala mke linarudi kwa ukoo. Akampa binamu wa marehemu, mwenye watoto wengi kambini. Binamu alikuwa amekwisha kupanda mihogo.

Hapo dada yangu aliacha kucheka.

Kesho yake tulipanda kilima cha rezo, mimi na mfanyabiashara, na nikapiga simu Goma, kwenye namba iliyokuwa imeandikwa kwenye jalada la mwisho. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye heshima. Nasema hivyo kwa sababu nilitamani awe mjeuri, ingenisaidia. Aliniita Mama, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ngoja nifungue. Nikamsikia anagonga vidole.

"Mama, hiyo tulishaitengeneza. Ufungue sasa, utaona iko sawa."

"Na ile ya mbele, ya kwanza?"

"Ile haiko tena."

"Iko Kitshanga."

"Iko Kitshanga wapi, Mama?"

"Ndani ya bantu," nikasema, yaani vichwani mwa watu waliolisoma.

Kisha akanieleza, kwa uvumilivu, kwamba mtu mwingine aliona kosa, wakaligeuza tangazo siku chache baada ya kulitoa, na jina la marehemu sasa linatangulia. Nikamwomba watoe tangazo lingine la kusema kwamba walikosea, kwamba mwanamke huyu yuko hai. Gazeti la karatasi lilikuwa linafanya hivyo. Mwezi mmoja walichanganya majina ya mapacha wawili, na mwezi uliofuata, kwenye kurasa zile zile za nyuma, waliandika kwamba walikosea na wakaomba msamaha, na mimi nikasoma, na watu wakajibu kwamba wamesikia. Kosa lilisomwa mbele ya watu, na masahihisho yakasomwa mbele ya watu wale wale. Kijana akasema wazo ni zuri, lakini kusahihisha kitu ambacho hakionekani tena kutawachanganya wasomaji. Atamwuliza mkubwa wake.

Jioni mfanyabiashara alirudi kilimani peke yake kuangalia jibu. Walikuwa wametuma picha ya kidole gumba.

Nimekifikiria kidole kile kwa muda mrefu. Huenda kijana alitaka kusema amepokea ujumbe. Huenda kwao ni adabu. Lakini mimi hasira yangu ilitulia pale, na mpaka leo haijahama. Waliweza kulifuta kosa bila aibu, kwa sababu halikuwa na mwili. Karatasi yenye kosa inabaki nyumbani kwa watu, inafunika madaftari ya watoto, inabandikwa ukutani, inakushtaki. Kosa lao sasa liliondoka kwenye simu na kubaki kwa dada yangu peke yake, alibebe. Na waliokuwa wamemwona amekufa hawangerudi kumwangalia. Nani ananunua mega za kuangalia maiti mara ya pili?

Dada yangu alisema atakwenda mwenyewe. Nilimkataza, shangazi alimkataza, mfanyabiashara alimwambia asubiri apate gari la kumpeleka. Akajibu kwamba akingoja, mihogo ile itakuwa mirefu kumpita yeye. Watoto tukawaacha kwa mke wa mfanyabiashara, tukaondoka sisi watatu, wanawake peke yetu, na kuku, maana shangazi alikataa kumwacha.

Sitaeleza njia yote. Kwenye bariyeri moja mwanaume mwenye bunduki na kofia ya mvua alituuliza tunakwenda kufanya nini Kitshanga. Dada yangu alikuwa amechoka kutunga maneno.

"Naenda kuonyesha kama siyakufa," akasema.

Yule mtu alimtazama. Akamwita mwenzake. Dada yangu akarudia, akaeleza habari ya simu, na msalaba, na vidoti. Wakacheka sana, mwenzake akasema yeye angependa kuwa katika hali hiyo, wanaomtafuta wangemwacha. Wakatupa njia. Kuku wakamchukua.

Kitshanga ilikuwa siku ya soko, ng'ombe na pikipiki zinasukumana, matope mpaka kwenye kifundo. Mwanamke aliyekuwa anauza ndagala alimwona dada yangu, akamwaga kipimo chake chote. Mwingine, tuliyekua naye kilima kimoja, hakukimbia. Alimfuata nyuma, akainama, akamgusa kisigino. Alikuwa anahakikisha kama kinagusa ardhi.

"Kiko na joto," akawaambia wenzake.

"Kiko na njaa pia," dada yangu akasema. Hapo wakamkumbatia.

Mzee wa ukoo tulimkuta kambini mbele ya kibanda chake cha turubali. Alisimama kwa shida. Dada yangu akapiga magoti na kumsalimia, "Papa, mwaramutse," kwa sauti ya kila siku. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Miye sikuona kwa macho," akasema. "Baliniambia tu. Balisema ni gazeti. Miaka yote hii, mutoto, gazeti haikunidanganya hata siku moja."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali kwa ajili yake. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Kwa nini hukutuma mtu kuuliza, kwa nini uliharakisha, kwa nini shamba liligawanywa kabla machozi hayajakauka. Maneno mengine bado nafikiri yalikuwa ya haki; angeweza kungoja. Lakini alipotamka yale, nikaona kosa kubwa liko wapi. Imani ile haikuzaliwa kwenye simu. Ilijengwa na karatasi, mwezi kwa mwezi, na watu waliobeba karatasi kwenye mvua, na dereva aliyepigwa. Wale wa Goma waliichukua imani hiyo nzima, wakaihamishia kwenye kioo, kama mtu anayerithi nyumba bila kuuliza ni nani anaishi ndani. Jina lilikuwa lile lile. Msalaba ulikuwa ule ule. Watu wakaamini kama walivyozoea.

Siku ya Mungu, mzee alimsimamisha dada yangu mbele ya kanisa la kambi. Akasimama na nguo yake ya safari iliyofuliwa, akasema jina lake, baba yake, kilima chake. Akasema yuko hai. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Kisha akasema mume wake amekufa, alikufa kwa homa, alizikwa Buleusa, alizikwa vizuri. Hapo njo alimlilia. Tangu siku ya kifo alikuwa hajapata mahali pa kulisema jambo hilo mbele ya watu wa mumewe. Alikuwa amelia kwa ajili ya tangazo, ya shamba, ya njia, hata kwa ajili yake mwenyewe. Wakamjibu. Walikuwa wengi, na jibu lilikuwa kubwa. Mzee akampa jembe.

Ningependa kuishia pale, lakini kulikuwa na mihogo.

Tulipanda kilimani, sisi, mzee, shangazi, binamu na mke wake. Shamba lote lilikuwa limepandwa, mistari safi, miche imefika magotini. Binamu hakuwa mwizi. Alipewa shamba na mwenye haki ya kutoa, alilima kwa nguvu zake, na watoto wake walikuwa wembamba kama wetu. Alisema yuko tayari kutoka, lakini hawezi kutoka na mihogo mgongoni. Mzee alifikiri, akaamua: udongo ni wa mjane, mihogo ni ya aliyepanda, na itakaa mpaka ikomae.

Mihogo ya kule juu, kwenye baridi, inakaa zaidi ya mwaka.

Dada yangu alisimama na jembe lake jipya, hana pa kulipiga. Nilitaka apige kelele. Nilitaka mtu, mtu yeyote, ampigie kelele kijana mwenye heshima wa Goma, ambaye saa ile labda alikuwa anatengeneza kurasa nyingine, na hakuna msimu wowote wa maharagwe aliopoteza. Mzee alipoteza heshima, shangazi alipoteza kuku, binamu alipoteza shamba. Mwenye gazeti alipoteza mistari miwili na vidoti, akaviandika upya.

Mke wa binamu njo aliyesema kwanza. Alikuwa mwanamke wa maneno.

"Dada, kati ya mustari na mustari kuko nafasi. Upande maharagwe yako mule. Bantu ya kufa hawakulake chakula mingi."

"Njo maana nitapanda kidogo," dada yangu akasema.

"Lakini usikanyage mihogo yangu na ile miguu ya kaburi."

"Nitapita juu juu."

Wakacheka, wote wawili, kwa uchovu. Mimi sikucheka. Dada yangu akavua kandambili, akaziweka pembeni, akaingia kati ya mistari ya mwenzake, akaanza kupiga mashimo madogo, akizunguka kila mche kwa uangalifu, mahali pa kutosha kisigino kimoja. Msimu ule alivuna maharagwe ya sufuria, si ya gunia, na watoto wake waliendelea kula mihogo ya kulimia watu mpaka mwaka ukapinduka.